Mwaka Nilipotafutwa Mapigo

Mwezi uliopita tulikutana wauguzi wastaafu tuliosoma chuo kimoja, katika ukumbi mdogo wa kukodi pale Nkende, na kabla pilau haijapakuliwa mtu akaleta wazo la kutupima presha. Eti ni huduma kwa wazee. Wakaja wauguzi wawili vijana na meza yenye kitambaa cheupe, nasi tukapanga foleni kama wagonjwa, sisi tuliopima watu wa Tarime na Serengeti mpaka tukazeeka. Zamu yangu ilipofika, binti aliyeushika mkono wangu wa kulia aliweka vidole chini ya gumba, akatulia, akavisogeza kidogo, akatulia tena. Niliuona uso wake unavyobadilika. Akamwita mwenzake, wakanong'onezana. Wenzangu wanaonijua wakaanza kucheka, mmoja akasema ng'ombe hazeeki maini, lakini Rhobi huyu alishakufa zamani, anatembea kwa mazoea tu. Mimi sikucheka. Nilimwambia binti azungushe vidole nyuma ya kifundo cha mkono, juu ya mfupa wa gumba. Akazungusha, akapata, akatabasamu kwa aibu. "Samahani mama," akasema, "hatukufundishwa kutafuta huku." Nilikula pilau yangu nikiwa na hasira, na ile hasira haikuwa ya binti yule. Ilikuwa ya mwaka mmoja wa zamani, ambao watu wazima wenye akili zao waliupitisha wakinishika mkono kwa zamu na kunitangazia nilivyo.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Nyumbani kwetu Nyanungu habari hiyo ilipokelewa kama habari ya mvua ya wilaya nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa na watu wa ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, na baadhi ya ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika, wanalala kwenye boma letu. Ng'ombe hao hawakuwa wa kutazamwa tu. Kwa Wakurya ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, na kaka yangu Chacha alikuwa na msichana aliyetaka kumwoa, Gati, wanangojana. Ng'ombe wangu wakikamilika, wangekwenda kwa kina Gati. Kwa hiyo kila nilipotaja chuo, hakuna aliyenigombeza. Baba alisema tutaona, mama akasema tutaona, na Chacha, ambaye tulipendana sana, alitoka nje. Nilijua tutaona maana yake ni hapana. Lakini barua ya chuo ilitaka nipimwe afya kwanza, nami nikajiambia nikishapimwa nikawa na karatasi yangu mkononi, nitapata nguvu ya kusema.

Nilipimwa katika kituo cha afya ambacho sitakitaja, na tabibu ambaye nitamwita Elinami. Alikuwa mtu wa milima ya Upare aliyeletwa kwetu na serikali, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Chumba chake kilinuka spiriti na samaki wa kukaanga, kwa sababu chakula chake cha mchana kilikaa dirishani, kimefungwa gazeti. Alipima macho, akapima masikio, akanigonga magoti, yote sawa. Akashika mkono wa kushoto akahesabu. Akashika wa kulia, akaacha kuhesabu. Akauliza kama nimewahi kuzimia. Nikasema hapana. Akauliza kama nikipanda mlima nahema. Nikamwambia kwetu kila anayepanda mlima anahema. Akakunja uso, akashika tena kushoto, kisha kulia, akabonyeza mpaka nikaumia. "Kushoto mapigo yapo," akasema. "Kulia hakuna. Na mapigo yasipolingana, binti, tatizo liko juu, kwenye moyo au kwenye mishipa mikubwa." Aliandika kwamba sifai kwa sasa, nichunguzwe moyo hospitali ya rufaa Mwanza. Nikamwambia Mwanza sina mtu wala nauli. Akaniambia hilo haliko kwenye uwezo wake, na kweli halikuwepo. Nilitoka pale nikiwa mgonjwa wa moyo, mimi niliyekuwa nimetembea tangu alfajiri nikiwa na kikapu cha viazi kichwani.

Njiani nilipata faraja moja ya kipuuzi. Nilijiambia kama chuo kimenikataa, basi hata watu wa ng'ambo ya Mara watanikataa, maana nani anataka mke wa moyo mbovu. Angalau nitakaa, nitangoja, nitatafuta njia. Sikuhitaji hata kusambaza habari. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani, na lile langu lilifika ng'ambo ya mto kabla miguu yangu haijapoa. Lilipofika kwao, nilishakuwa msichana ambaye mkono wake wa kulia hauna damu. Mkono wa kulia, ule wa kusonga ugali na kumkaribisha mgeni. Wazee wa mchumba wakatuma neno kwamba wanakuja kuona.

Walikuja asubuhi, wakakaa sebuleni kwenye viti vya kamba, na mimi nikawa jikoni nikisikiliza kupitia ukuta wa udongo uliopasuka. Kwanza walikula. Mama alikuwa amewapikia ugali wa mtama na muhogo, na baba alikuwa amechinja mbuzi, kwa hiyo kulikuwa na kichuri, ile supu chungu ambayo mwanamume wa kwetu akinywa anajiona amerudi ujana. Wakala taratibu, wakazungumza malisho, wakazungumza wezi wa ng'ombe, wakazungumza dhahabu ya Nyangoto ambako vijana wanashuka ardhini na kutoka weupe kwa vumbi. Habari yangu ilikuja mwisho, baada ya kunawa. Nikaitwa. Nikapiga goti, nikasema shikamoo kwa kila mmoja, na kila mmoja akaitikia huku anaangalia mkono na si uso. Halafu wakanishika kwa zamu. Vidole vya ugali, vidole vya tumbaku, kimoja kimekatika kucha. Wote wakakosa. Nilisimama pale nimenyoosha mkono, nikawa natazama ukuta, na hasira ilinipanda mpaka nikasikia joto masikioni.

Miongoni mwao alikuwamo Mzee Marwa, baba mdogo wa mchumba, mtu maarufu kwa kutoa ng'ombe damu. Zamani hiyo damu ya ng'ombe ilikuwa bado inanywewa kwetu, imechanganywa na maziwa, na si kila mtu aliweza kuitoa. Unamfunga ng'ombe kamba shingoni, mshipa unavimba, unapiga mshale mfupi mahali pake, damu inaruka, na ukilegeza kamba jeraha linafunga na ng'ombe anarudi malishoni. Mzee Marwa hakuwahi kuua ng'ombe kwa kazi hiyo. Akawatazama wenzake wanavyopapasa, akasema wanapoteza muda. Akatoa kamba yake ya ngozi mfukoni, akanifunga juu ya kiwiko, akakaza, akaniambia nikunje ngumi. Mishipa ikajitokeza mkono mzima, minene. Akaigonga kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama anavyogonga shingo ya mtamba. "Damu imejaa," akawaambia kwa Kikurya. "Huyu ni mzima. Hawa wa hospitali wanatafuta nini?" Wakacheka, baba akacheka kwa nafuu, ikakubaliwa ng'ombe waliobaki waletwe baada ya mavuno.

Leo, baada ya maisha yote ya kushika mikono ya watu, najua Mzee Marwa alikosea vipi. Kamba ile inaonyesha vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, na vena zangu hazikuwahi kuwa na tatizo. Kilichomsumbua Tabibu Elinami kilikuwa ateri, ile inayoleta damu kutoka moyoni na ndiyo inayopiga. Mzee alijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na jibu lake likawa la kweli kwa bahati. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba kwa ndoa nimeonekana mzima na kwa shule nimeonekana mgonjwa, na pande zote mbili zimeshika mkono uleule. Nilirudi jikoni nikaosha vyombo vyao huku nalia, na mama alidhani nalia kwa furaha, akanipa kipande cha ini walichobakiza.

Ateri yangu niliiona mwenyewe, wiki chache baadaye, bila kuitafuta. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya mfuniko wa sufuria ya maji ili usiruke, jua la mchana linaingia mlangoni, nikaona nyuma ya kifundo, pale mfupa wa gumba unapoanzia, ngozi inapanda na kushuka kama koo la mjusi. Nikaweka kidole. Ilikuwa inapiga, tena kwa nguvu. Nikaweka kidole kingine kwenye mkono wa kushoto, mahali pa kawaida, zikapiga pamoja. Niliacha maji yachemke mpaka yakamwagika motoni. Kesho yake nilidanganya kwamba naenda kusaga, nikaenda moja kwa moja kwa Tabibu Elinami.

Nilimkuta anakula. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha. Akaweka kidole, akasikia, nami nikaona amesikia, na nikafikiri yameisha. Akafuta mikono kwa gazeti, akaniambia kwa upole kwamba huko nyuma si mahali pa kuhesabia mapigo. Fomu inauliza kama mapigo ya kifundo yapo mbele, pande zote mbili. Nikamwuliza, "Sasa hii inayopiga ni nini?" Akasema hajui, na kwa sababu hajui hawezi kuweka sahihi yake. Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wote. Baadaye, nilipoanza kazi na kuona foleni inavyofika getini na wewe uko peke yako na kitabu kimoja kilicholiwa na mchwa, nilimwelewa. Kumwelewa hakukuniondolea hasira. Mtu anaweza kuwa mwema, akawa amechoka, akawa anafuata alichofundishwa, na bado akakufungia mlango usoni.

Ni yeye huyohuyo, sharti niseme, aliyeniambia nilipokuwa natoka kwamba mwisho wa mwezi atakuja daktari wa upasuaji kutoka hospitali kubwa. Daktari huyo alikuwa anakuja kwa ajili ya majeruhi, maana koo mbili zilikuwa zimepigana mpakani kwa sababu ya malisho na wadi ilijaa vijana wenye majeraha ya mishale. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi pamoja nao. Walikuwa wakisimuliana vita kama watu wanaosimulia harusi, mmoja ana mshale umevunjikia begani na bado anabisha nani alianza. Daktari alitokea, kumbe ni mwanamke, mfupi, Mnyakyusa, anaitwa Dokta Sekela, na wale vijana wote wakanyamaza. Mimi nikawa wa mwisho kuingia.

Hakuanza na mkono wa kulia. Alinikalisha, akashika mikono yote miwili, akashuka nayo taratibu kutoka kwapani, kiwikoni, mpaka chini, amefumba macho. Alipofika kwenye kifundo cha kulia hakubonyeza, aliusindikiza mshipa ulivyogeuka. Kisha akaniambia nikunje ngumi, akabana pande mbili za kifundo kwa vidole gumba vyake. Nilipofungua kiganja kilikuwa kimepauka. Akaachia upande mmoja, rangi ikarudi mara moja. Akarudia, akaachia ule mwingine, ikarudi tena. Akamwita Tabibu Elinami aje aone. Akachukua kalamu akanichora mkononi, palepale kwenye ngozi, njia ya kawaida kwa mstari wa vitone na njia yangu kwa mstari mzima. Yangu ilikuwa imeiacha ile ya kawaida katikati ya mkono, ikapanda juu ya mfupa, ikashukia nyuma.

"Moyo wake ni mzima," akamwambia Elinami. "Vitabu vinachora mkono wa watu wengi. Huyu hayumo katika wengi, basi." Kisha akanigeukia mimi, na ni mtu wa kwanza mwaka ule kunieleza mkono wangu badala ya kuwaeleza wengine. Alisema kuna watu ambao ateri kubwa ya mkono inagawanyika juu karibu na kwapa badala ya kiwikoni. Kuna wengine ambao ateri moja inapita juujuu chini ya ngozi ya kiwiko, na muuguzi mwenye haraka anadhani ni vena. Akiichoma na kusukuma dawa, dawa inakwenda kwenye vidole badala ya kwenda moyoni, na vidole vinaweza kufa. Daktari wa upasuaji naye akikata pasipo kujua, anakata asichokitegemea. "Yako ipo juujuu hapo nyuma," akasema. "Popote utakapolazwa, kabla hawajakuchoma hapo, waambie waweke kidole kwanza. Pakipiga, si vena." Akaweka sahihi. Tabibu Elinami akaniambia hongera, na sidhani alikuwa ananidhihaki.

Neno lile la kuweka kidole kwanza nimelisema maisha yangu yote, Tarime, Mugumu, kila nilipopangiwa, mpaka wanafunzi wakanipa jina la utani, Mama Kidole. Kule Mugumu mwanafunzi mmoja alikwisha kufunga mpira na ameshika sindano juu ya kiwiko cha mama mmoja mwembamba, mshipa umejaa vizuri, wa kuvutia. Nikamwambia aweke kidole. Akaweka, akanitazama, akaweka sindano chini. Mama yule alitoka na vidole vyake vyote na hakujua lolote. Watu hawashukuru kwa jambo ambalo halikutokea, na mimi sikudai. Ninachodai ni kwamba jambo rahisi kiasi hiki binti wa pale Nkende awe amelisikia darasani, na nasikitika kwamba hakulisikia.

Nilirudi Nyanungu na karatasi yangu na michoro ya kalamu ambayo sikuiosha. Nilidhani nimeshinda. Baba alisomewa karatasi, akafurahi kweli, akasema, "Unaona? Mzima." Na kwa kuwa ni mzima, akatuma neno ng'ambo ya mto waharakishe. Nilihisi nimejichimbia shimo kwa mikono yangu. Nilimwambia mama kwamba mimi nataka kwenda chuo, nikalisema waziwazi, nikalirudia. Mama akaniuliza Chacha ataoa kwa ng'ombe gani.

Kilichonitoa hakikuwa maneno yangu. Mzee Marwa na wenzake walikuja, wakala, wakanawa, nami nikawa ukutani jikoni. Nikamsikia anasema kwamba wamepata habari za daktari. Hospitali yenyewe imesema mshipa umepinda, na kilichopinda kwa mama kinaweza kupinda kwa mtoto. Hawamkatai binti. Wanaomba tu ng'ombe waliobaki wapunguzwe. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na nilidhani atakubali, kwa ajili ya Chacha. Akasema, "Mlimfunga kamba mwanangu kama ng'ombe, nikanyamaza, kwa sababu mlitaka kujua kama ni mzima. Sasa mnajua ni mzima, mnataka bei ya mgonjwa. Mwanangu hapunguzwi." Wakaanza kumbembeleza, naye akawa hasikii. Akatoka nje, akaita kwa sauti. "Chacha. Fungua boma. Wale ng'ombe wao waondoke nao."

Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nimekipata kwa sababu wanaume wawili wameshindwana bei, si kwa sababu yupo aliyenisikia. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona Chacha amesimama mlangoni mwa boma, fimbo mkononi, anamtazama baba, anasubiri baba aseme amekasirika tu. Baba hakusema. Chacha akaondoa magogo, moja moja, akawatenga ng'ombe wa watu na wa kwetu bila kukosea hata mmoja, maana alikuwa anawafahamu wote, alikuwa amewachunga kama wake. Jioni baba akasema basi huyu Rhobi aende huko chuoni, akale chakula cha serikali. Mambo yangu yote yaliamuliwa kwa sentensi hiyo, na mboga ikapitishwa.

Chacha hakuzungumza nami hadi siku ya kuondoka. Siku hiyo alilibeba sanduku langu la bati begani mpaka barabarani, pale malori ya kwenda Tarime mjini yalipokuwa yanasimama, tukakaa juu ya sanduku tukingoja. Nilimwambia pole. Akatema mate vumbini, akaniuliza, "Hiyo kitu inapiga wapi?" Nikaushika mkono wake, nikakiweka kidole chake nyuma ya kifundo changu. Akakaa hivyo muda mrefu, ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtu anayesema polepole. Lori likaonekana kwenye kona. "Ndiyo hii tu," akasema. Akanipandishia sanduku, akageuka, na badala ya kurudi nyumbani akashika njia ya kwenda kwa kina Gati, kumwambia asimngoje tena.